KUGHIBU NA KUTUNGA: ELIMU YA MOYONI KATIKA KAZI YA UBUNIFU, MERU HADI PWANI

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoshuka heshima katika muda wa vizazi viwili vilivyopita, neno kukariri halina budi kutajwa mwanzo. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kurudia jambo mara kwa mara. Kwa wazee wa pwani maana hiyo haikuwa na doa. Aliyelikariri somo alikuwa amelitendea haki. Leo, katika shule yoyote ya Tanzania, iwe ya mjini Arusha au ya Kikwe, chini ya Mlima Meru, kumwambia mwanafunzi kwamba amekariri ni kumshutumu. Na wanafunzi wenyewe wamejiundia kitenzi kingine, kukremu, ambacho hakina hata chembe ya sifa ndani yake. Kinyume cha kukariri, kwa matumizi ya siku hizi, ni kuelewa, au kufikiri, au kubuni. Yaani imekubaliwa, pasipo mjadala mkubwa, kwamba akili iliyojaa mambo ya kuhifadhiwa haina nafasi ya kuzaa jambo jipya. Makala haya yakusudia kuipima kauli hiyo kwa ushahidi wa historia ya wasemaji wa Kiswahili na majirani zao wa bara. Na ushahidi huo, kama itakavyoonekana, hauiungi mkono ila kwa sehemu moja tu.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi wa kwanza. Kiswahili kina kughibu, yaani kusema jambo kutoka moyoni bila kutazama kitabu. Kina kuhifadhi, ambalo hutumika kwa Kurani na kwa mali vilevile. Na kina kutunga. Hili la mwisho ndilo lenye mafunzo makubwa. Mtu hutunga shanga, hutunga samaki katika kamba, hutunga shairi. Na mtungo ni ule wa samaki na ule wa maneno pia. Waliolitumia neno moja kwa kazi hizi zote hawakudhani kwamba mshairi hutoa kitu mahali pasipo kitu. Walimwona kama mtu mwenye vitu tayari mkononi, ambaye kazi yake ni kuchagua kipi kitangulie na kipi kifuate. Hapana atungaye shanga asizo nazo.

Yafaa kuanzia mlimani, kwa sababu huko hapakuwa na hati wala kitabu hata mwishoni mwa karne ya 19. Wameru, ambao lugha yao ni ya kundi moja na lugha za Kichaga za Kilimanjaro, na majirani zao Waarusha, wasemao Kimaasai, walikuwa na elimu kubwa isiyoandikwa: koo na masimulizi yao, mipaka ya vihamba, zamu za maji ya mifereji. Misheni ya Walutheri wa Leipzig ilipojengwa Nkoaranga mwaka 1902, pamoja nayo ilikuja elimu nyingine ya kughibiwa, yaani katekisimu. Wengi walioandika habari za misheni huihesabu hiyo kuwa ndiyo mwanzo wa mtoto wa Kimeru kuketi na kukariri. Si kweli. Alikuwa akikariri kabla, ila mwalimu wake hakuwa na ubao.

Namna elimu hiyo ilivyotunzwa yajulikana zaidi kwa Wachaga kuliko kwa Wameru, kwa sababu ya Bruno Gutmann, mmishenari wa Leipzig aliyekaa Moshi miaka mingi na kuchapisha mafundisho ya jando ya Wachaga katika mabuku matatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Otto Raum naye, katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya utoto wa Wachaga, ameeleza habari za mregho, fimbo iliyochongwa alama, ambayo mwalimu aliwafundishia vijana. Kila alama ilikuwa na somo lake. Mtaalamu wa lugha hana budi kusimama hapa kidogo. Alama katika mregho haikuwa herufi. Haikuonyesha sauti, wala haikuonyesha neno. Ilionyesha mahali pa somo katika mpangilio wa masomo. Asiyefundishwa angeweza kuishika fimbo siku nzima na asipate kitu. Maneno yenyewe yalikuwa katika kifua cha mwalimu, na fimbo ilimzuia asiruke wala asitangulize. Kwa hiyo chombo hiki kilishika mpango kwa nguvu, na maneno kikayaachia nafasi. Mwalimu mwenye akili aliweza kulipanua somo, kulipa mfano wa siku zake, kulikaza pale vijana wake walipokuwa wazito. Lakini hakuweza kulipoteza. Ni vigumu kuona jinsi kuhifadhi kwa namna hii kungeweza kuitwa adui wa fikra.

Kesi ya ardhi ya Wameru yaonyesha jambo hilo kwa upande wa siasa. Mnamo Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika eneo la Engare Nanyuki ili mashamba yao yapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akiwa na wakili Earle Seaton, na kuleta malalamiko ya watu wake. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu mwaka huohuo. Lakini wanahistoria hawakukosea kuiweka safari hiyo miongoni mwa vyanzo vya harakati za uhuru wa Tanganyika. Kitabu walichokichapisha Kirilo na Seaton juu ya kesi hiyo mwaka 1967 chapaswa kusomwa na wataalamu wa lugha pia, si wa sheria pekee. Kupeleka malalamiko ya kijiji mbele ya mataifa lilikuwa tendo la ubunifu ambalo halikuwa na mfano kwa Wameru. Vitu lililotungwa kwavyo, hata hivyo, havikuwa vipya: ni nani alilima wapi, ardhi ipi ilichukuliwa na Wajerumani, ipi ilirudishwa na kwa masharti gani. Bila elimu hiyo ya wazee, mjumbe angekuwa na hasira tu, na hasira haihojiwi barazani.

Pwani palikuwa na kitabu, na kwa hiyo mambo yalikuwa tofauti. Mtoto wa Mombasa, Lamu au Unguja aliingia chuoni na kuihifadhi Kurani kabla ya kukijua Kiarabu. Wapinzani wa kukariri wana haki ya kuuliza hapa: kuhifadhi sauti zisizofahamika kwaweza kumsaidiaje mtu kufikiri? Jawabu lina pande mbili. Upande mmoja, maana haikuachwa milele. Ilikuja baadaye darasani, ambapo shehe alisoma kwa Kiarabu na kufasiri kwa Kiswahili, na aliyekwisha kuhifadhi akalikuta neno nyumbani mwake likisubiri. Upande mwingine, sauti nazo ni elimu. Sikio lililozoezwa urari na miisho ya aya kwa miaka kadhaa ni sikio ambalo halihitaji kufundishwa kina ni nini. Lakini isisahauliwe kwamba wengi waliopita chuoni hawakuwa washairi, wala hawakuwa wanazuoni. Na kwao hao hoja ya upande wa pili hubaki na nguvu zake.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika historia ya Kiswahili ni ule wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye hukisiwa kuwa alizaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840. Muyaka aliishi katika siku za utawala wa Mazrui, akashuhudia ugomvi wao na Lamu na kisha na Busaidi wa Unguja. Mashairi yake yahusu vita, mapenzi, njaa, nyumba mbovu, marafiki wasioaminika. Na ndiye ahesabiwaye kuwa aliifanya beti ya mistari minne kuwa chombo cha mambo ya kila siku. Kazi yake kubwa ilikuwa ya kujibizana. Msomaji wa leo, aliyezoea shairi likikaa peke yake katika ukurasa, hafikiri mara mbili juu ya masharti ya kujibu. Anayejibu lazima awe amelishika moyoni shairi la mpinzani: hoja zake, fumbo lake, mara nyingi na vina vyake, kwa maana heshima ya jibu ilikuwa kuvirudisha vina vilevile na maana iliyogeuzwa. Aliyelisikia shairi na kubaki na wazo lake pekee hakuwa na la kujibia. Kughibu kulikuwa sehemu ya kutunga, na sehemu ya kwanza.

Lakini habari yenyewe haikuishia kwa Muyaka. Alipokufa hakuacha diwani. Mashairi yalibaki katika vifua vya watu wa Mombasa kwa muda wa miaka arobaini na zaidi, mpaka katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipomsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuyaandika. Sikujua alifariki mwaka 1890. Hati zao zimehifadhiwa London, na kutokana nazo William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940; kisha Mohamed Abdulaziz akazifanyia uchunguzi mpana katika kitabu chake cha mwaka 1979. Tangu kufa kwa mshairi hadi kupigwa chapa diwani yake ilipita karne nzima, na kwa karibu nusu ya karne hiyo mashairi mengi yaliishi katika kumbukumbu pekee.

Yapasa kuulizwa ni kwa nini hayakuharibika. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932 juu ya kukumbuka, alionyesha kwamba Waingereza waliosoma hadithi ya Wahindi Wekundu wa Marekani, wakatakiwa kuisimulia tena baada ya muda, waliibadilisha bila kujua: yaliyokuwa mageni yalianguka, na mapengo yakazibwa kwa desturi za kwao. Kukumbuka, kwa maelezo ya Bartlett, ni kujenga upya. Ikiwa ndivyo, hadithi ya nathari ni karakana, na kila msimulizi ni fundi. Shairi la Kiswahili laipinga kazi hiyo kwa vifungo vyake. Mistari ya mizani kumi na sita, kina cha kati na kina cha mwisho, na kituo kinachorudi: neno likibadilishwa, mizani huzidi au hupungua, kina hukatika, na msikilizaji hujua kabla ya msemaji kumaliza. Ndiyo sababu maneno ya Kimvita cha kale, ambayo hata katika siku za Taylor yalihitaji kuelezwa, yalifika katika karatasi yakiwa mazima. Hawakuyashika kwa sababu waliyafahamu yote. Waliyashika kwa sababu shairi halikuwaruhusu kuweka mengine. Na kwa kushikwa huko, yalikuwako tayari kwa wengine kuyatumia.

Matumizi hayo yanaonekana vizuri katika kazi ya Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mwanachuoni wa Lamu. Nabhany alipotafutia Kiswahili majina ya vyombo vipya hakuenda kwanza kwenye kamusi za Ulaya. Alirudi kwenye ushairi wa kaskazini na msamiati wa mabaharia, ambao aliujua kwa kuupokea kutoka kwa wazee wake. Utenzi wake wa mwaka 1979 juu ya jahazi, Sambo ya Kiwandeo, ni ghala la majina ya sehemu za chombo ambayo mabaharia wachache tu wameyabakiza. Neno runinga, litumikalo sana Kenya, ni moja katika maneno aliyoyazua kutokana na hazina hiyo. Si yote yaliyopokewa na umma. Mengine yamebaki katika vitabu vyake. Hilo si ajabu, kwani msemaji wa kawaida hana maneno ya kale moyoni, na kwa hiyo undani wa neno humpita na neno huonekana geni kama la Kiingereza.

Kuna wakati ambapo hoja hii yote hupimwa kwa ukali zaidi, nao ni wakati mtu anaponyang'anywa vitabu. Mwezi Machi 1969 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1946, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya karatasi aliyoiandika mwaka 1968 iitwayo Kenya: Twendapi?, iliyoikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Alifungwa peke yake. Mashairi aliyoyatunga humo aliyaandika kwa siri katika karatasi za chooni, nayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na kupewa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Kejeli ya jina la tuzo hiyo imekwisha kusemwa na wengi, haina haja ya kurudiwa.

Lililo muhimu hapa ni kwamba diwani hiyo, iliyotungwa na mtu asiye na kamusi wala diwani ya mwingine mbele yake, ni miongoni mwa diwani zenye umbo lililotimia kuliko zote za karne ya 20. Bahari zake ni nyingi. Lahaja yake ni Kimvita kilichokaa sawasawa. Maneno yake ya kale yanaingia mahali pake bila kusukumwa. Yote hayo yalitoka wapi? Hayakuweza kutoka ila katika yale aliyoyaghibu mtungaji huru alipokuwa kijana katika mji ambao mashairi yaliimbwa na kujibizanwa. Askari jela aliweza kuzuia kitabu mlangoni. Na yafaa kutazama vilevile yale yaliyokuwa mapya: ushairi wa magereza, katika Kiswahili, haukuwa na mapokeo makubwa ya kufuatwa. Mazungumzo ya mfungwa na nafsi yake, ukaidi wake, shaka yake, haya hayakughibiwa kutoka kwa yeyote. Umbo lilikuwa la urithi, na jambo lilikuwa lake. Na kwa sababu umbo halikumgharimu jitihada, jitihada yote ilikwenda kwenye jambo. Baada ya kufunguliwa mwaka 1972 alihamia Dar es Salaam akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Baadaye alifundisha Leipzig kwa miaka mingi, katika mji uleule uliowatuma wamishenari wa Nkoaranga, jambo ambalo ni sadfa tu lakini linapendeza.

Wataalamu wa saikolojia wamefikia jambo kama hilo kwa njia ya sataranji. Mdachi Adriaan de Groot, mwaka 1946, alionyesha kwamba mabingwa waliotazama ubao wa mchezo kwa nukta chache waliweza kuupanga upya karibu wote. Na mwaka 1973 Chase na Simon wa Marekani wakaonyesha kwamba vipande vikitawanywa ovyo, ubora huo wa bingwa hupotea karibu wote. Bingwa hana kumbukumbu kubwa kuliko watu. Ana mipangilio mingi aliyokwisha kuiona, na huitambua kwa mara moja. Mshairi wa Mombasa asikiaye kina na kujua mara moja maneno ishirini yanayoweza kukifuata yuko katika hali hiyohiyo.

Hapa ndipo yapasa kurudi Arusha. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi Machi mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Maandiko hayo ya pili yalitaka shule imjenge mtoto awe na akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine kisha akubali au akatae kwa kupima mwenyewe. Na yalilaumu mitihani kwa kuwa ilipima uwezo wa kushika mambo na kuyatoa kwa wakati uliowekwa, pasipo kupima uwezo wa kufikiri. Wakati huohuo Azimio lilihitaji kuenea, na chombo kimojawapo kilichopatikana kilikuwa cha kukariri. Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi kutoka Dodoma na kiongozi wa UKUTA, alikuza ngonjera, mashairi ya kusemezana ambayo watoto waliyahifadhi na kuyasema mbele ya umma. Ngonjera za UKUTA zilichapishwa mwaka 1970 na 1971, na hakuna shule iliyokosa watoto wa kusimama mistari miwili wakibishana kwa vina juu ya ujamaa.

Haitoshi kusema kwamba palikuwa na mgongano kati ya maandiko yale na zoezi hili, ingawa ulikuwako. Tofauti kati ya ngonjera za shuleni na majibizano ya Muyaka ni kwamba katika ngonjera mjinga hushindwa kila mara katika ubeti uleule. Mtoto aliyepewa sehemu ya mjinga hakuruhusiwa kupata hoja mpya. Alishika maneno, na maneno yalikuwa yamekwisha. Hata hivyo walimu wengi waliotakiwa kuandaa sherehe walianza kutunga ngonjera zao wenyewe, na waliweza kwa sababu walizishika za Mnyampala kwanza. Kanuni za Amri Abedi, zilizochapishwa mwaka 1954, ziliwasaidia kuhesabu mizani. Lakini sikio walilipata kwa kughibu. Wale wa miaka ya 1970 walioandika mashairi huru, wakiongozwa na Kichomi cha Kezilahabi cha mwaka 1974, walishambuliwa kwa mengi yasiyo na maana, ila swali moja la wapinzani wao lilikuwa la haki: shairi lisiloshikika moyoni litamlea nani baadaye?

Basi kauli ya kwamba kukariri huua fikra ina ukweli wapi? Ina ukweli pale ambapo kilichokaririwa hakiwezi kutungwa na kingine, kama shanga isiyo na tundu. Na hapo hapahitajiki kwenda mbali. Mtoto wa Kikwe humaliza shule ya msingi akiwa na jedwali la kuzidisha, methali, mashairi kadhaa na habari za nchi yake, yote kwa Kiswahili, lugha ambayo aweza kuyageuza ndani yake na kuyauliza. Aingiapo sekondari, masomo hugeuka Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kwa kusomea. Mtaala wa mwaka 2005 uliacha kuhesabu maarifa ukataka umahiri, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeendelea na njia hiyo. Kiingereza kimebaki mahali pake. Wanaolaumu kukariri kwa wanafunzi hao huuona ugonjwa katika kumbukumbu, hali kumbukumbu ndiyo kiungo pekee ambacho bado chafanya kazi. Mwalimu hueleza somo kwa Kiswahili, darasa hufahamu na hata hubishana. Kisha hugeuka ubaoni akaandika muhtasari kwa Kiingereza, wanafunzi huunakili, nao muhtasari huo, na si yale mabishano, ndio utakaoulizwa katika mtihani.